Fundi Yustina na Gari Lisilo na Pedali ya Klachi

Saa mbili na robo asubuhi, Kihonda. Yustina Banzi amelala chali juu ya boksi lililopasuliwa, miguu nje, kichwa chini ya gari dogo la bluu. Hashiki spana wala bisibisi. Anasikiliza.

"Washa swichi," anaamuru. "Injini usiiguse."

Anayeamriwa ni mwandishi wa makala haya, ambaye ujuzi wake wa magari unaishia kwenye kujaza upepo. Anageuza ufunguo hatua moja. Chini ya boneti kitu kinaanza kulia kwa sauti nyembamba kama cherehani ya umeme. Kinalia sekunde nne, tano, kisha kinanyamaza.

Yustina haamki. Anainua kidole kimoja kuzuia maswali. Dakika moja inapita, ya pili inapita. Kuku wa jirani wanaparua chini ya bampa.

"Haya," anasema hatimaye, akijivuta nje na kujifuta mikono. "Imeshika. Ingekuwa inavuja kwa ndani, hiyo pampu ingeamka tena baada ya sekunde kumi, na mimi ningejifungia ndani nikalia."

Ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya chini na tabia ya kujibu swali baada ya kumaliza kwanza anachokifanya. Amevaa ovaroli ya kiwanda ambacho jina lake limefutwa na sabuni ya miaka mingi. Leo ana wasiwasi, na hafichi. Saa nne mwenye gari atakuja, na gari litapandishwa mlima wa Mgeta.

Likipanda, mzee mmoja mwenye mguu mmoja ataendesha tena. Lisipopanda, hataendesha.

"Lisipopanda, nimemkalisha mtu nyumbani kwa mikono yangu mwenyewe," anasema. "Hilo ndilo linalonikosesha raha. Jina langu lilishaharibika, hilo nimelizoea."

Gari lenyewe lilitengenezwa Ujerumani na kufika bandarini Dar es Salaam likiwa mtumba. Tangu soko lifunguliwe, Morogoro imeona magari ya kila namna yakiteremka kutoka kila pembe ya dunia. Mafundi waliokulia kwenye Land Rover na malori ya mashirika ya umma sasa wanafungua boneti wanakuta mambo ambayo hawakufundishwa na mtu.

Deogratias Mkude, fundi ambaye gereji yake inatazamana na ya Yustina, analieleza hivi: "Zamani kulikuwa na aina nne za magari, spea hakuna. Sasa kuna aina mia nne, na spea bado hakuna."

Ukifungua mlango wa gari hili unakuta pedali mbili tu, ya breki na ya mafuta. Mtu yeyote atasema ni otomatiki. Mwandishi naye alisema hivyo, akachekwa.

Si otomatiki. Giaboksi yake ni ya kawaida kabisa, ya meno na sahani ya klachi, ile ile ambayo dereva wa lori la mchanga anapambana nayo kila siku. Tofauti ni kwamba hakuna mguu unaokanyaga klachi, na mkono wa dereva haufiki kwenye gia.

Nani basi anakanyaga klachi? Mafuta, alijibu Yustina, si petroli bali ya haidroliki, yale ya kusukumia mitambo. Na nani anaingiza gia? Mafuta hayo hayo.

Mwandishi alipokunja uso, fundi akaokota kipande cha chaki akachora kwenye sakafu ya saruji. Akachora pampu ndogo ya umeme, ndiyo ile iliyokuwa ikilia asubuhi. Akachora mtungi wa duara, mkubwa kama chungwa. Ndani ya mtungi, alieleza, kuna utando wa raba. Upande mmoja gesi, upande wa pili mafuta. Pampu inasukuma mafuta mtungini, gesi inabanwa, na nguvu inakaa pale ikisubiri kazi. Kwa makadirio yake, nguvu hiyo ni zaidi ya mara ishirini ya upepo wa tairi la gari dogo.

Kutoka mtungini mafuta yanapita kwenye vali ndogo za umeme. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamuru ipi ifunguke na ipi ifungwe. Mbele ya vali kuna pistoni tatu, kila moja na kazi yake.

"Mwangalie dereva wa lori," alisema Yustina. "Mguu wa kushoto unakata klachi. Mkono unatoa gia, unapeleka kushoto au kulia kutafuta njia, halafu unasukuma mbele au nyuma. Kazi ni tatu. Hapa pistoni moja ni mguu. Ya pili ni mkono ule wa kushoto na kulia. Ya tatu ni mkono ule wa mbele na nyuma. Basi, hakuna uchawi."

Mwandishi aliuliza jambo moja kwa bahati tu. Kama pistoni inasukumwa na mafuta kwenda mbele au kurudi nyuma, inasimamaje katikati, pale ambapo gari liko frii, bila gia yoyote?

Hapo fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alisema swali hilo lilimsumbua yeye wiki nzima, mpaka alipoifungua pistoni na kukuta pete mbili za chuma zinazoteleza, moja kila upande, na kila pete ina kizuizi chake ambacho haiwezi kukivuka. Mafuta yakiingizwa pande zote mbili kwa nguvu ileile, kila pete inasukumwa mpaka kwenye kizuizi chake, na pistoni inabanwa katikati kabisa.

"Mimi na wewe tusukume mlango mmoja, kila mtu upande wake," alisema. "Na kila mtu amefungwa kamba asivuke kizingiti. Mlango utaenda wapi? Utasimama pale pale."

Kuna pia sensa, vidude vya kuhisi, zinazoiambia kompyuta pistoni imefika wapi. Pistoni ikichelewa, kompyuta inajaribu tena. Ikikwama kabisa, kompyuta inakata tamaa, inawasha herufi N, alama ya frii, kwenye dashibodi, na herufi hiyo inapepesa kama jicho lenye mchanga. Mambo yakiwa sawa, kazi yote hiyo, kukata klachi, kutoa gia, kutafuta njia, kuingiza na kuachia klachi, inakwisha kabla hujamaliza kutamka "Morogoro".

Yustina alizaliwa Mgeta, mtoto wa nne wa wakulima wa kabichi na njegere. Alisoma shule ya misheni, akateremka mjini mwaka 1979 na kuajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha bidhaa za ngozi. Walimpa kazi ya kufagia. Miezi sita baadaye, mkuu wa karakana, baada ya kumkuta mara tatu akiwa amechuchumaa mbele ya mashine ya kukatia ngozi akiitazama inavyopanda na kushuka, alimwuliza anatafuta nini. Yustina akajibu anatafuta kinachoisukuma.

Akahamishiwa karakana. Kwa miaka kumi na mitano kazi yake ilikuwa mashine zinazoendeshwa kwa nguvu ya mafuta: pampu, vali, pistoni na raba zake. Alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanane.

Kisha vikaja viatu vya mtumba na vya bei poa kutoka nje, kiwanda kikalemewa, kikauzwa, kikafungwa. Mwaka 1995 Yustina alipunguzwa kazi. Aliuza mboga sokoni miaka mitatu na kumlea bintiye Rosa, ambaye sasa ni mwalimu Kilosa. Mwaka 1998 akaanza kutengeneza jeki za malori chini ya bati moja, halafu breki, halafu magari mazima. Siku nzuri anarudi nyumbani na shilingi elfu kumi na tano. Zipo wiki ambazo siku nzuri haimo.

Sera ile ile ya soko huria iliyomtoa kiwandani ndiyo iliyomletea magari. Anasema hajui amshukuru nani au amlaumu nani, na wala hana muda wa kukaa akifikiria.

Mwenye gari ni Jastin Mloka, bwana mifugo mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na miwili, mkazi wa Mafiga. Watu wa Mgeta wanamjua kwa mbuzi wa maziwa. Mbuzi akivimba kiwele Nyandira au Langali, anayeitwa ni mzee Mloka. Mwaka 1999 aliangushwa na pikipiki ya kazi, na mguu wake wa kushoto ukakatwa juu ya goti. Kwa miaka saba alipanda mlimani kwa kuomba lifti kwenye malori ya kabichi, magongo yake yakiwa yamefungwa juu pamoja na matenga.

Mwaka jana alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua gari hili la bluu. Aliambiwa anunue otomatiki, akakataa. Otomatiki, alisema, inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na yeye mlimani anataka gia. Hapa alipata vyote viwili: gia za kweli, na kazi ya mguu wa kushoto inafanywa na mtu mwingine.

Mwezi Machi mwaka huu, 2007, alilileta kwa Yustina kufanyiwa sevisi. Hapo ndipo penye kosa.

Karibu na giaboksi kuna chupa nyeupe ya plastiki yenye kifuniko cheusi. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Sasa, kila gereji ya Morogoro inajua kuwa chupa nyeupe iliyo jirani na klachi ni ya mafuta ya breki, kwa sababu kwenye magari mengi ya klachi ndivyo ilivyo. Hakuna anayeuliza. Yustina naye hakuuliza. Alichukua kopo la mafuta ya breki akajazia mpaka kwenye mstari, akafunga kifuniko, akaenda kunywa chai.

"Miaka kumi na mitano nimeshika mafuta na raba," anasema, na sauti inamshuka. "Ninajua kuwa si kila raba inakubali kila mafuta. Ninajua kama ninavyojua jina langu. Na bado nilijaza kama mtu aliyeanza kazi jana."

Wiki tatu baadaye gari likaanza kusitasita kuingia gia ya pili. Mwisho wa Aprili, mzee Mloka akiwa amepita Mlali na anapanda kwenda kutibu mbuzi, likagoma kabisa kwenye kona yenye mwinuko mkali. N ikawa inapepesa. Alikaa pale kwa muda wa saa nne, breki ya mkono imevutwa na jiwe chini ya tairi, mpaka lori la kabichi lilipomvuta kumrudisha mjini.

Mafundi watatu waliliangalia, na wote watatu wakatoa ushauri mmoja: ng'oa haya madude ya mafuta, tupa, weka pedali ya klachi na mti wa gia kama gari la Mungu. Kwa mtu mwingine ushauri huo usingekuwa mbaya. Kwa mzee Mloka, pedali ya klachi maana yake ni gari la mtu mwingine. Kuuza nako kulishindikana, nani anunue gari lisiloingia gia?

Yustina akaomba alifungue yeye. Alipoitoa pistoni ya kwanza, raba zake zilikuwa zimevimba na kulegea kama maharage yaliyolowekwa tangu jana. Zilikuwa zimebana ndani ya silinda, pistoni haiendi mbele wala hairudi. Alikuwa ameona raba kama hizo mara moja tu maishani, kiwandani, siku mtu alipotia mafuta ya breki kwenye mashine ya kukatia ngozi. Alikaa chini pale pale sakafuni. Alijua raba zile zimevimbishwa na nini, na nani alikitia.

Bado alitaka uhakika. Kwenye droo ya dashibodi kulikuwa na kitabu cha gari, kwa Kijerumani. Mzee Mloka alikuwa akihifadhi humo vyeti vya chanjo ya mbuzi, na hakuna fundi aliyewahi kukifungua, kwani nani anajua Kijerumani Kihonda? Yustina alikipeleka kwa Sista Kristina, muuguzi wa misheni aliyesomea Ujerumani. Sista alifuatilia mistari kwa kidole, akacheka kidogo kwa Kijerumani kile cha mafundi, kisha akaacha kucheka.

Kitabu kilisema: mafuta ya haidroliki ya aina fulani tu, na mafuta ya breki yasitumike kamwe. Sista alimwonyesha kuwa maneno hayo yaliandikwa kwa herufi nzito.

Hapa inabidi kueleza desturi moja ya gereji, maana bila hiyo msomaji hataelewa kilichofuata. Fundi hakiri kosa mbele ya mteja. Haijaandikwa popote, lakini inashikwa kuliko sheria za barabarani. Kitu kikiharibika mkononi mwa fundi, kuna maneno mawili ya kusema: "Ndivyo lilivyokuja." Gari ni mtumba, limeshatembea nchi za watu, nani atathibitisha? Na fundi mwenzako akikusikia unasema hivyo, anatikisa kichwa kukuunga mkono, kwa sababu kesho itakuwa zamu yake.

Deogratias, yule wa gereji ya kutazamana, ndiye aliyemkumbusha. Hata leo hakatai kwamba alimwambia. Alimshauri aseme raba zimechoka kwa uzee, na kwamba kwa kusema hivyo atakuwa hajamdhulumu mtu, kwani raba zote huzeeka.

Yustina anakiri kwamba alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Alitoka misa ya kwanza, hakupita nyumbani, akaenda moja kwa moja Mafiga kwa mzee Mloka, akamwamkia, akamwambia.

"Alinifokea," anasimulia. "Alinifokea mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alipochoka akaniuliza, 'Ulijua?' Nikamwambia sikujua, lakini nilipaswa kujua. Halafu akasema, 'Mficha uchi hazai, fundi. Umesema. Sasa usirudi hapa na maneno, rudi na gari.'"

Habari za gereji hazilali. Kufikia Jumatano Kihonda nzima ilijua, na iliyojulikana haikuwa kwamba Yustina kasema kweli, bali kwamba Yustina kaua gari. Wateja wawili walikuja kuchukua magari yao yakiwa nusu yamefunguliwa. Kilichowaudhi zaidi mafundi wenzake ni kwamba wateja wao nao walianza kuuliza maswali. Mmoja alimsimamia Deogratias kichwani akitaka kujua kopo alilolishika limeandikwa nini, na alisoma kopo zima mbele yake. Tangu siku hiyo Deogratias aliacha kumsalimia Yustina, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine hapazidi hatua kumi na tano.

Kazi yenyewe imechukua miezi sita. Kiwanda kilipouzwa, Yustina alikuwa amenunua boksi la raba za mashine kwenye mnada wa vyuma chakavu, akalitunza miaka yote hiyo chini ya kitanda. Alilifungua kwa matumaini makubwa. Raba zilikuwa zimekauka. Alipoikunja ya kwanza ikapasuka, na ya pili ikapasuka. Anasema siku hiyo alilia kweli.

Akaenda Dar es Salaam mara mbili, madukani wakamwangalia kama anayetafuta meno ya kuku. Mwishoni alirudi kwenye chaki na rula yake. Akapima kila mfereji wa pistoni, akagundua kwamba raba za usukani wa trekta moja linalotumika mashambani huku Morogoro zinakaribiana kabisa na zake, na zinakubali mafuta yale yale. Mbili zilikuwa nene kupita kiasi. Fundi mchongaji wa Msamvu akaitanua mifereji ya pistoni mbili kwa unene usiozidi karatasi mbili. Kila bomba, kila vali na kila tundu lilisafishwa kwa spiriti mpaka harufu ya mafuta ya breki ikaisha, maana tone moja likibaki, hadithi inaanza upya.

Kabla ya safari, Yustina anamwonyesha mwandishi jambo la mwisho. Sista Kristina amemnakilia kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa kile kitabu: washa swichi, kanyaga breki, subiri. Yustina anafanya hivyo. Injini imezimwa, gari limesimama, na ndani yake kunasikika sauti ndogo, tk, tk, tk, kama mtu anayepanga vyombo kabatini gizani. Ni pistoni zinapita gia moja moja, na kompyuta inapima upya kila gia iko wapi. N inapepesa, inapepesa, kisha inatulia.

"Limehesabu vidole vyake," anasema Yustina.

Saa nne kamili mzee Mloka anafika kwa magongo yake mawili, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Yustina anamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba bila kumwangalia usoni. Anazunguka gari lote mara moja, anaketi kwenye usukani, anaweka magongo kiti cha nyuma juu ya magoti ya mwandishi.

Barabara ya Iringa inakwenda vizuri. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikiingia na mtikiso mdogo. Mzumbe wanaipita. Mlali wanaipita. Yustina ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Mlima unaanza. Gari linateremsha gia lenyewe, kutoka ya tatu hadi ya pili, kutoka ya pili hadi ya kwanza. Kushoto kuna matuta ya kabichi, kulia kuna bonde ambalo mwandishi aliamua asilitazame.

Wanafika kwenye ile kona. Mzee Mloka anakanyaga breki na kusimamisha gari katikati ya mwinuko, pale pale lilipogomea Aprili. Anavuta breki ya mkono. Anazima injini.

"Kama litanisimamisha hapa tena," anasema, "bora linisimamishe leo nikiwa na wewe."

Mzee anawasha. Pampu inalia, inanyamaza. Anasukuma kijiti kidogo kinachoiambia kompyuta iingize gia, anaachia breki ya mkono taratibu. Gari linarudi nyuma hatua moja, mwandishi anakumbatia magongo, kisha klachi inashika na gari linaondoka. Gia ya kwanza. Wanaizunguka kona nzima kwa gia ya kwanza, njia inalegea kidogo, na bila mtu kugusa kitu inaingia ya pili.

Yustina anajifunika uso kwa upande wa kanga aliyojitanda juu ya ovaroli. Mzee Mloka anamtupia jicho, anasema jambo kwa Kiluguru ambalo mwandishi hakulielewa, na Yustina anacheka huku machozi yanamtoka.

Wanafika Nyandira saa saba. Kuna mbuzi watatu wanaosubiri, na mmoja wa wenye mbuzi, mama Semeni, anataka kujua kwa nini bwana mifugo amepotea tangu masika. Mzee anamjibu kwamba gari lilikuwa shule. Baadaye, mwandishi anapomwuliza kama amemsamehe fundi wake, anafikiri kwanza, akifunga mkoba wake wa dawa.

"Hasira yangu nitakaa nayo mpaka Krismasi," anasema. "Lakini gari langu halitashikwa na fundi mwingine."

Jioni, Kihonda. Yustina amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amechoka, na sasa anajibu maswali bila kusubiri. Mpango wake ni wa mwakani. Sista Kristina amekubali kumsaidia kutafsiri kurasa za mafuta na vimiminika kutoka kwenye vitabu vya magari ya mtumba, vyovyote vitakavyopatikana. Yustina anataka kuviandika kwa rangi kwenye ubao mkubwa, gari kwa gari, chupa kwa chupa, na kila Jumamosi mchana mafundi wa Kihonda waje wausome, waongeze wanachokijua. Ameshawaomba mafundi wenzake ruhusa ya kuusimamisha ubao kwenye ukuta mfupi ulio katikati ya kiwanja. Hadi sasa hakuna aliyejibu.

"Magari mapya hayataacha kuja," anasema. "Na sisi hatutaacha kukosea. Ninachotaka ni fundi aweze kusema nimekosea, halafu kesho yake afungue gereji."

Wakati anasema hayo, Deogratias Mkude anavuka kiwanja. Anatembea polepole, anajifuta mikono kwa kitambaa ingawa mikono yake ni misafi. Anasimama mbele ya ndoo.

"Habari za Mgeta, dada?"

"Nzuri. Limepanda."

"Nimesikia." Anatazama chini. Anasema kuna gari limeletwa kwake wiki iliyopita, nalo lina pedali mbili na chupa nyeupe. Mafuta ya chupani yalikuwa yamepungua, akajazia. Alijazia mafuta ya breki. Ilikuwa kabla hajafikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Yustina anauliza kama gari limeshatembea. Bado, mwenyewe anakuja kulichukua kesho asubuhi. Yustina anashusha pumzi. Raba zitakuwa hazijavimba bado, anasema, wakimwaga leo na kusafisha vizuri gari litapona. Tayari ameshasimama, ameshika kasha la spana. Kisha anaketi tena.

"Mpigie mwenye gari aje," anasema. "Nitafungua akiwepo."

Deogratias anamwangalia, anaiangalia gereji yake, anatazama mafundi wengine waliokuwa wakijifanya wanafunga kazi. Halafu anatoa simu mfukoni, anasogea mpaka kwenye ukuta wa katikati na kuwapa mgongo wote.

"Shikamoo mama," anasikika akisema. "Ni mimi Deogratias, fundi wako. Hapana, halijawa tayari. Naomba uje leo hii, mama. Kuna kitu nimekiharibu kwenye gari lako, na nataka ukione mwenyewe."